Namna Kikosi cha Polisi Jamii Kinavyotatua Kero za Usalama Mtaani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kikosi cha polisi jamii ni kundi dogo la askari waliopangiwa eneo moja lenye mipaka inayojulikana, wakaachwa hapo kwa muda wa kutosha kuwafahamu wakazi na kufahamika kwao, na wakapewa jukumu la kushughulikia yale yanayousumbua mtaa mara kwa mara. Muundo wake hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Japani ina vituo vidogo viitwavyo koban, vilivyotapakaa katika miji yote, ambavyo askari wake pia hutembelea nyumba na maduka ya eneo lao. Uingereza na Wales, kwa sheria ya mwaka 2002, zilianzisha maofisa wasaidizi wa jamii ambao hawana mamlaka yote ya askari kamili, lakini muda wao mwingi huutumia mitaani. Jiji la Chicago, nchini Marekani, lilianza mwaka 1993 kuwapangia askari maeneo madogo ya kudumu na kuitisha mikutano ya mara kwa mara kati yao na wakazi.

Pamoja na tofauti hizo, kazi yenyewe hufuata mtiririko unaofanana, na mahali inapokwama panafanana vilevile. Kikosi hukwama kinapopokea kero pana, kama vile "usalama umekuwa mdogo", kisha kikaijibu kwa hatua pana, kama vile "tumeongeza doria". Kazi kubwa iko katikati ya sentensi hizo mbili, yaani katika kuibana kero mpaka iwe tatizo moja lenye mahali, saa na watu wanaojulikana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari wanaoanza kazi hiyo, na pia kwa wakazi na viongozi wa mitaa wanaotaka kujua wadai nini kwa kikosi chao.

Hatua ya kwanza: Tenganisha dharura na kero sugu

Mtu anayevamiwa usiku huu hahitaji mkutano wa mtaa. Anahitaji askari wafike mara moja. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, wakazi waelezwe ni namba ipi ya kupiga maisha yanapokuwa hatarini, ni wapi pa kuripoti uhalifu uliokwisha kutendeka ili ufunguliwe jalada na upelelezi uanze, na ni mambo gani yanayopelekwa kwa kikosi cha mtaa. Kundi hili la tatu ndilo la kero sugu: uchochoro ambao watu huporwa kila mwisho wa mwezi, nyumba tupu iliyogeuzwa maficho, kelele na vitisho vinavyojirudia, magari yanayoendeshwa kwa kasi mbele ya shule, au ugomvi wa majirani unaozidi kukua.

Mstari huo ukichorwa vibaya, madhara hujitokeza pande zote mbili. Wakazi watampigia askari wa mtaa simu ya dharura akiwa nyumbani amelala, naye mkuu wa kituo atawaondoa askari wa mtaa kila siku kwenda kuziba mapengo ya zamu nyingine. Hili la pili ndilo linaloua vikosi vingi polepole, kwa sababu mtaa hauwezi kumwamini askari ambaye leo yupo na kesho hayupo. Mkuu wa kituo anapaswa kutamka tangu mwanzo ni katika hali zipi pekee askari hao wataondolewa kwenye eneo lao.

Hatua ya pili: Kusanya kero kutoka kwa wale wasiokuja mkutanoni

Mkutano wa hadhara ni njia ya haraka ya kusikia kero, na ni njia ya haraka vilevile ya kupotoka. Watafiti waliofuatilia mikutano ya Chicago kwa miaka mingi waliona kwamba wamiliki wa nyumba na watu wa umri mkubwa walihudhuria kwa uwiano mkubwa kuliko wapangaji na vijana, na kwamba jamii nyingine za jiji hilo, hususan zenye asili ya Amerika ya Kilatini, zilihudhuria kwa uchache kuliko idadi yao. Kikosi kinachopanga kazi yake kwa sauti za mkutanoni peke yake kitahudumia nusu ya mtaa huku kikiamini kwamba kinauhudumia wote.

Kwa sababu hiyo, askari waende kwa watu. Watembee nyumba kwa nyumba katika barabara zenye malalamiko na katika zile zilizo kimya, kwa kuwa ukimya unaweza kuwa ishara ya hofu. Wazungumze na madereva, wachuuzi, walinzi wa usiku, walimu, wahudumu wa zahanati na wafagiaji wa barabara, yaani watu ambao kazi yao inawalazimu kuuona mtaa saa ambazo wengine wamelala. Wazungumze na vijana wenyewe wanaolalamikiwa; mara nyingi hao ndio wanaoporwa na kupigwa zaidi, ila hakuna anayewauliza.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali la "je, mna tatizo gani la usalama?" huleta majibu ya jumla ambayo hayamsaidii yeyote. Afadhali aulizwe mkazi ni lini mara ya mwisho alibadilisha njia ya kurudi nyumbani kwa kuogopa, ilikuwa wapi, saa ngapi, na alimwogopa nani. Majibu ya namna hiyo yakikusanywa kutoka kwa watu thelathini huanza kuchora ramani.

Yapo mambo yasiyosemwa hadharani kabisa. Mwanamke anayepigwa na mumewe hatasimama mkutanoni huku mume amekaa nyuma yake, na mtoto anayedhulumiwa hatakuja kwenye dawati akiwa ameshikwa mkono na anayemdhulumu. Kikosi kiweke njia ya faragha, kiwe na askari wa kike wanaofikika, na kishirikiane na wauguzi na walimu, ambao huona majeraha kabla ya polisi. Kero za aina hii haziingizwi kwenye orodha inayopigiwa kura. Hushughulikiwa kama uhalifu mara zinapojulikana, hata kama hakuna jirani hata mmoja aliyezitaja.

Hatua ya tatu: Chuja, kisha andika tatizo kwa sentensi moja

Orodha itakuwa ndefu kuliko uwezo wa kikosi. Chagueni matatizo mawili au matatu, pamoja na wawakilishi wa wakazi, kwa kuuliza maswali matatu: ni madhara gani yanatokea, yanajirudia kwa kiasi gani, na je, kikosi na wenzake wana uwezo wa kuyabadilisha? Kero zilizobaki zitangazwe wazi kwamba hazikuchukuliwa kwa sasa, pamoja na sababu zake. Wakazi huvumilia kuambiwa "bado" kuliko kutoambiwa lolote.

Baada ya kuchagua, andikeni kila tatizo kwa namna ambayo askari mgeni angeweza kwenda kuliona. "Vijana wamezidi" halitoshi, kwa kuwa kukaa kijiweni si kosa. "Siku za Ijumaa na Jumamosi, kati ya saa moja jioni na saa nne usiku, wapita njia wanaotoka kituo cha basi huporwa simu katika uchochoro ulio nyuma ya maghala, na waporaji hukimbilia upande wa reli" ni tatizo linaloweza kufanyiwa kazi. Msipoweza kuandika sentensi ya namna hiyo, rudini hatua ya pili. Hamjajua bado mnachokitafuta.

Hapa pia mtenganishe hofu na uhalifu. Mahali penye giza, michoro ya matusi ukutani na chupa zilizovunjika panaweza kuwatia watu hofu kubwa bila kuwa na tukio hata moja lililoripotiwa, na kinyume chake hutokea vilevile. Vyote viwili vinastahili kushughulikiwa, ila dawa zake hazifanani, na kikosi kitakachovichanganya kitatumia nguvu ya kukamata pale palipohitaji taa na ufagio.

Hatua ya nne: Chunguza kabla ya kutenda

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu haina king'ora wala picha ya kuonyesha wakubwa. Mwaka 1979, Herman Goldstein, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alieleza kwamba polisi walikuwa wamezama mno katika taratibu zao za ndani na kuyasahau matatizo ambayo wananchi waliwategemea wayamalize. Wazo lake lilijaribiwa katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia, na mwaka 1987 watafiti John Eck na William Spelman walichapisha matokeo yaliyoupa ulimwengu mfumo wa hatua nne unaotumika hadi leo: kubaini, kuchambua, kuchukua hatua na kutathmini.

Mojawapo ya matatizo ya Newport News lilikuwa wizi wa kuvunja nyumba katika majengo ya kupanga yaitwayo New Briarfield. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa doria na ukamataji. Polisi walipowahoji wapangaji, waligundua kwamba ubovu wa majengo yenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo: milango na madirisha yalikuwa yameoza kiasi kwamba kuyavunja hakukuhitaji ujuzi, na nyumba zilizoachwa tupu ziliwapa wezi pa kujificha. Askari walishirikiana na idara nyingine za serikali kushinikiza usafi na matengenezo, na wizi huo ulipungua kwa asilimia 35.

Uchambuzi wa tatizo lolote unaweza kuanza na pembetatu: mhalifu, mlengwa na mahali. Kwa kila upande, ulizeni nani angeweza kuuzuia. Mhalifu ana mzazi, mwajiri au rafiki anayemsikiliza? Mlengwa ana jirani au mwenzake wa kutembea naye? Mahali pana mmiliki, meneja au mlinzi anayewajibika? Mara nyingi upande mmoja hudhihirika kuwa mtupu kabisa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kisha angalieni marudio. Katika mji wa Minneapolis, nchini Marekani, uchambuzi wa simu zilizopigwa polisi kwa mwaka mmoja katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba karibu nusu ya simu zote zilitoka katika asilimia 3 hivi ya anwani za jiji. Uhalifu hujikusanya, hata ndani ya mtaa unaosemwa kuwa mbaya wote, na huwarudia watu walewale. Katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale nchini Uingereza, mradi ulioanza katikati ya miaka ya 1980 uligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, na kwamba wezi walivutiwa na mita za umeme na gesi zilizolipiwa kwa sarafu. Mita hizo ziliondolewa, makufuli yakaimarishwa, na majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa wakaombwa kuiangalia. Wizi wa nyumba mtaani hapo ulipungua kwa zaidi ya nusu. Somo la kazi ni jepesi kulitekeleza: mtu aliyeibiwa jana ndiye wa kutembelewa leo, kabla ya kupanga semina kwa mtaa mzima.

Msitegemee kitabu cha matukio pekee. Kinaonyesha yale yaliyoripotiwa, na pale ambapo imani kwa polisi ni ndogo, watu hawaripoti. Linganisheni kumbukumbu za kituo na za zahanati, shule, kampuni za usafiri na simulizi za wakazi. Tembeleeni mahali penyewe katika saa inayotajwa. Ni ajabu ni mara ngapi uchochoro unaojadiliwa ofisini saa nne asubuhi haujawahi kutembelewa na yeyote kati ya wajadili saa mbili usiku.

Hatua ya tano: Panga hatua, na kila hatua iwe na mwenye jukumu

Matatizo mengi ya mtaa hayamo mikononi mwa polisi peke yao. Taa ni za mamlaka ya mji, uzio ni wa mwenye kiwanja, utoro ni wa shule na wazazi, na ulevi uliokithiri ni wa afya kabla haujawa wa mahakama. Askari mzuri wa mtaa, kwa hiyo, hutumia muda mwingi kuwasumbua watu wengine wafanye kazi zao, jambo lisilomfurahisha kila mtu. Kila hatua iliyokubaliwa iandikwe pamoja na jina la ofisi inayohusika, mtu wa kufuatwa na tarehe ya kukamilika. "Wadau watashirikiana" ni sentensi ya kukwepa.

Mchanganyiko wa hatua ndio huleta nafuu. Kwa uchochoro wa mfano wetu, mamlaka ya mji hurekebisha taa na kufyeka kichaka, mwenye maghala hufunga lango la nyuma, kampuni ya basi husogeza kituo upande wenye watu, upelelezi huwafuatilia wanunuzi wa simu za wizi, na askari huonekana saa zile zilizotajwa. Wachache wanaojulikana kuhusika huitwa, pamoja na wazazi wao ikiwa ni watoto, na kuelezwa wazi kinachojulikana, msaada uliopo, na kitakachofuata wasipoacha. Ukamataji hubaki kuwa sehemu ya mpango kwa wale wanaowadhuru wenzao, ila usiwe jibu la kila kitu. Kufagia kila kijana aliyeonekana eneo hilo huwapa wahalifu wachache marafiki wengi wapya, na hukausha taarifa ambazo kikosi kilizihitaji.

Hatua ya sita: Fanya doria yenye shabaha

Mwaka 1972 na 1973, polisi wa Kansas City, nchini Marekani, waligawa maeneo 15 katika makundi matatu: moja likabaki na doria ya kawaida ya magari, jingine likaongezewa, na la tatu likaondolewa doria hiyo, askari wakiingia tu walipoitwa. Hakukuonekana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi, ambao kwa sehemu kubwa hawakugundua kwamba kitu kimebadilika. Miaka michache baadaye, jaribio la doria ya miguu mjini Newark lilionyesha kwamba uhalifu ulioripotiwa haukushuka, ingawa wakazi walijihisi salama zaidi na kuwaona polisi kwa jicho jema.

Matokeo hayo hayasemi kwamba doria haina kazi. Yanasema kwamba kuzunguka bila shabaha hakuna kazi. Majaribio yaliyofuata Minneapolis yaliwaelekeza askari kwenye maeneo madogo yenye matukio mengi, na humo fujo na uhalifu vilipungua. Uchambuzi wa mtafiti Christopher Koper wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kusimama mahali hapo kwa takriban dakika 15, kisha kuondoka na kurudi kwa nyakati zisizotabirika, huleta faida kubwa kuliko kupita haraka au kukaa kutwa. Askari ashuke kwenye gari, asalimie watu, aulize juu ya tatizo lililochaguliwa, na aandike alichokiona kabla hajaondoka. Kama amelazimika kumsimamisha mtu, amweleze sababu na amsikilize. Namna mtu alivyotendewa huamua kama kesho atatoa taarifa au atageuza uso.

Hatua ya saba: Pima

Vipimo viamuliwe kabla hatua hazijaanza, la sivyo kila mmoja atachagua namba inayompendeza. Hesabuni matukio ya tatizo lilelile, mahali palepale na saa zilezile, kwa kipindi cha kabla na baada kinacholingana, na muwaulize tena baadhi ya watu mliowahoji mwanzoni kama wamerudia njia zao za zamani. Idadi ya watu waliokamatwa haipimi usalama. Vilevile, kuongezeka kwa taarifa katika miezi ya mwanzo kunaweza kuwa habari njema, kwa kuwa watu walionyamaza wameanza kusema.

Wengi husema kwamba uhalifu ukifukuzwa hapa huhamia pale. Hutokea, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa: mapitio ya tathmini 102 yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta uhamaji katika asilimia 26 ya vipimo vilivyofanyika, na nafuu iliyoenea hadi maeneo jirani katika asilimia 27. Angalieni mitaa ya jirani ili mjue, ila msiache kazi kwa kuogopa jambo ambalo huenda lisitokee.

Hatua ya nane: Rudisha majibu

Mkazi aliyetoa taarifa na asisikie lolote hatatoa nyingine. Majibu yapelekwe kwa njia zilezile zilizotumika kukusanya kero, ikiwa ni pamoja na nyumba kwa nyumba, na yaseme kilichofanyika, kilichoshindikana na anayesubiriwa. Kama taa hazijawekwa, semeni ni ofisi gani mnayoifuata na tangu lini. Majina ya waliotoa taarifa yasitajwe popote, hata katika kuwashukuru, na habari za kesi zilizo mahakamani zibaki mahakamani.

Ulinzi wa wakazi na mipaka yake

Mahali ambapo wakazi wameunda vikundi vya ulinzi shirikishi, kikosi kina wajibu wa kuvisimamia kwa karibu. Wanakikundi waandikishwe na kuchunguzwa tabia zao, wajue kwamba kazi yao ni kuangalia na kutoa taarifa, na kwamba mshukiwa waliyemshika wakati akitenda kosa hukabidhiwa polisi mara moja akiwa salama. Kupiga, kutoza faini, kupekua nyumba na kuwahoji watu ni mambo yasiyoruhusiwa, na kikundi kinachoyafanya kivunjwe hata kama mtaa unakishangilia. Hapa sioni nafasi ya maelewano: kikundi kilichoachiwa kumpiga mwizi mmoja kitampiga asiye mwizi muda si mrefu.

Kumbukumbu na makabidhiano

Askari huhamishwa, na mara nyingi ujuzi wote wa mtaa huondoka naye. Kwa kila tatizo liwepo jalada fupi lenye sentensi ya tatizo, ramani, orodha ya hatua na wenye jukumu, vipimo, na tarehe ya kulipitia tena. Tatizo lililotulia lisifungwe siku hiyo hiyo. Liangaliwe kwa miezi kadhaa, kwa kuwa uchochoro huweza kurudia hali yake taa moja ikiungua. Anayeingia na anayetoka watembee pamoja mtaani kwa wiki moja au mbili, anayetoka akimtambulisha mwenzake kwa wachuuzi, walimu, walinzi wa usiku na wale vijana wa kijiweni, na makabidhiano yasainiwe na mkuu wa kituo baada tu ya matembezi hayo kukamilika.